Fundi wa Dakawa Alisema Hatufiki

Mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake, dukani, bombani, hata kwenye darasa la akina mama msikitini, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa mnakutana, mnaunganisha vipande vyenu, na hadithi inayotoka si yetu kabisa. Nimesikia ati Mnyamwezi alituloga. Nimesikia ati Jumanne alikuwa amelewa, kaka yangu ambaye hata dawa ya kikohozi inamlaza. Basi nimekaa naandika yote. Msome, mpeane, na mkimaliza mniache.

Nani alichanga na nani hakuchanga, siyagusi hayo. Nasimulia njia.

Turiani

Simu ilitoka Kinole alfajiri. Aliyepiga ni Mama mdogo Zaituni, mdogo wake Mama, anayeishi kule mlimani na Bibi. Alisema neno moja tu, "Dada," halafu akashindwa, na Mama akaelewa. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa ameondoka usingizini.

Mama hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akajifunga kanga vizuri, akaniambia, "Nenda kagonge pale dukani wafungue. Ninunulie beseni jipya, na sabuni, na marashi."

Wengine mlikuwa hamjui, kwa hiyo nawaambia. Bibi alishasema, mbele yetu sote, tena si mara moja: "Siku yangu ikifika mwili wangu aushike Asha. Msinikabidhi kwa mtu mwingine." Asha ndiye Mama, kifungua mimba wake. Kila tukienda Kinole kwa Idi lazima alirudie hilo, na Mama lazima aitikie, "Nitakuosha mama, si nimeshakuambia?" wakacheka wote wawili. Kwa hiyo asubuhi ile Mama hakuwa na jambo jingine kichwani. Kufika kabla Bibi hajaoshwa, basi. Alilipokea beseni, la plastiki la kijani, akaweka sabuni na marashi ndani, akalipakata.

Sasa tatizo ni nyonga yake. Tangu alipoteleza kwenye majaruba ya mpunga, mguu wake wa kulia haufunguki. Pikipiki hawezi kupanda hata umshike vipi. Nikasema tukodi gari ndogo, tumkimbize Mama peke yake, wengine wafuate na lori la Jumanne. Mjomba Salehe akanitazama kama nimetukana.

Mjomba Salehe ni mdogo wake Mama, mtoto pekee wa kiume wa Bibi, na nyumba yake inatazamana na yetu. Na kwetu Waluguru mnajua, ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kusema mpaka asubuhi, mjomba akikohoa tu mambo yamekwisha. Akakohoa. "Tuna lori letu, tukaonekane na gari ya kukodi? Kinole watatuonaje? Pakieni mchele, watu wapande, twende pamoja kama watu wenye kwao."

Mchele ukapakiwa. Majirani wakapanda nyuma. Mmoja akarudi kufuata koti, mwingine akarudi kufunga kuku, na mwingine sijui alirudi kufuata nini mpaka leo. Jua likatoka tukiwa bado mlangoni. Mbele tulibanana wanne: Jumanne kwenye usukani, Mjomba, mimi, na Mama dirishani na beseni lake.

Lori lenyewe, nalo, lilikuwa na lake la siku nyingi. Likifika mwendo fulani usukani unatetemeka, likiingia shimoni linagonga chini kushoto, ngo! Ukimuuliza Jumanne anasema ni barabara. Ukimwonyesha kwamba hapa ni lami tupu, anasema ni matairi. Alinunua matairi mapya, na yakaliwa upande wa ndani kabla hayajachakaa nje. Akasema ni matairi ya siku hizi.

Dakawa

Tulipotokea barabara kuu usukani ulianza kumtoka mikononi. Alikuwa anaushika kama mtu aliyekamata mbuzi anayetaka kurudi kwao. Mama akasema, "Jumanne, mwanangu, hii ni salama?" Karibu na daraja la Wami pana banda la mabati la fundi, na ubao wenye namba ya simu. Jumanne akaegesha.

Fundi alitoka chini ya trekta, mtu mzima, ovaroli imekauka grisi mpaka inasimama yenyewe. Tukasalimiana. Mjomba akasikia lafudhi yake.

"Fundi, wewe mtu wa wapi?"

"Sikonge, Tabora. Naitwa Mihayo."

Mjomba akapiga makofi. "Lahaula! Mnyamwezi! Jamani huko nyuma, tumeangukia kwa mtani!"

Lori zima likashangilia. Fundi Mihayo naye akabadilika, akaweka mikono kiunoni, akalikagua lori. "Kumbe Waluguru. Mimi nimeona kwa mbali nikajua ni mikungu ya ndizi, imevalishwa kanga."

"Na wewe mbona kichwa kitupu?" jirani yetu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Mnyamwezi bila mzigo kichwani si atapeperushwa na upepo, wapagazi nyie!"

"Mnakwenda wapi na kelele zenu?"

"Msibani, Kinole," Mjomba akasema. "Mama yangu."

Fundi akashusha mikono. "Poleni sana." Halafu akafanya kazi ya mtani. Alikwenda mbele ya lori, akaketi chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu, mgongo kwenye bampa. "Basi hamwendi. Maiti ni wangu huyo. Mpaka mnitoe."

Nawaeleza nyinyi mlioolewa huku kutoka mbali, maana najua mnakunja uso. Mtani kwenye msiba ana haki hiyo. Atafunga njia, ataficha sufuria, atamwigiza marehemu anavyotembea, na hapana wa kumkasirikia. Unampa chochote anaondoka. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa mioyo isipasuke. Mjomba alimrushia noti, fundi akaibusu, akaiweka mfukoni, akainuka. Hata Mama alitabasamu, mara ya kwanza tangu simu ile. Kama ingeishia hapo ningemshukuru mtu yule maisha yangu yote.

Akaweka jeki upande wa kushoto. Gurudumu lilipoachana na ardhi akalishika juu na chini, akalitikisa. Ngo, ngo, ngo. Akamwambia Jumanne, "Kanyaga breki, ushikilie." Akatikisa tena. Ngo.

"Ingekuwa beringi, breki ingeificha," akasema. "Hii ni kingpini, pini inayogeuzia gurudumu. Imekwisha."

Akaingia chini na tochi na tambara. Tukamsikia anakwangua matope kwenye springi, anagonga kwa spana, ananyamaza, anagonga tena pale pale. Alikaa huko mpaka watu wa nyuma wakaanza kuimba. Alipotoka uso ulikuwa mwingine.

"Kingpini zimekwisha kulia na kushoto. Kwa hizo mngekwenda polepole mkafika. Lakini springi hii ya kushoto, jani kubwa, hili bamba refu la juu, lina ufa pale linapojikunja kushika pini. Na bushi ya ndani hakuna tena, chuma kinakula chuma. Kwenye lami mtakwenda. Kilima cha Kinole, hamfiki."

 Halafu Mjomba akacheka, na akicheka Mjomba kicheko kinatoka tumboni. Lori lote likamfuata. "Mnyamwezi hashibi! Tumeshamtoa, anataka tena!"

"Mzee, hapa sitanii."

"Yupo mtani anayesema anatania?"

"Jani ninalo, la lori kama hili. Nipeni hadi saa nne. Nabadilisha jani na bushi, kingpini mtarudi siku nyingine. Mkitoka hapa saa nne, adhuhuri mko Kinole." Akamgeukia Jumanne. "Dereva, wewe mwenyewe umesikia."

Jumanne akamtazama Mjomba. Mjomba akatoa noti nyingine, akamchomekea fundi mfukoni kwa mkono wake, akampigapiga kifuani. "Haya, tumekutoa mara mbili. Tupishe, mtani, tukazike."

Nilimwona fundi amesimama na ile noti inachungulia mfukoni. Nikamwambia Jumanne kwa sauti ya chini, "Huyu hatanii." Akanijibu, "Mjomba kasema." Ndivyo alivyo kaka yangu, na ndivyo tulivyolelewa, na siku ile niliuchukia ulezi huo wote.

Fundi akaja dirishani kwa Mama. Akasema taratibu, "Mama, hamfiki."

Mama naye, Mungu amsitiri, akamjibu kama anavyojibiwa mtani. "Nitafika. Na nikirudi nitakuletea ndizi, upumzike na michembe yako ya viazi vikavu." Nyuma wakaangua kicheko. Jumanne akateremsha jeki, akachukua namba ubaoni kwa adabu tu, tukaondoka.

Msamvu

Hapa nakasirika upya. Mjomba alisema watu hawaendi msibani na njaa. Ati tukifika na njaa tutakuwa mzigo kwa wafiwa. Wafiwa ni sisi! Lakini akakohoa, tukashuka.

Supu ya mbuzi ikaagizwa, ikaja supu ya ng'ombe, Mjomba akairudisha. Chapati zikawa zinasubiri mtu wa chapati aliyekwenda kutafuta chenji. Mimi niliketi na Mama nje, kwenye benchi, kwa sababu kupanda na kushuka ngazi za mgahawa kunamtesa. Alikuwa amelipakata beseni lake. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama, akaligeuza ukingo, akauliza, "Hili beseni unauzaje, mama?"

"Siuzi mwanangu," Mama akamwambia. "Namwoshea mama."

Yule dada hakuelewa. Akauliza kama nyumbani yapo mengine. Ikabidi mimi niinuke nimweleze, akashika mdomo, akaomba radhi mpaka akaanza kulia yeye. Mama akawa anambembeleza mtu asiyemjua, msiba wake mwenyewe umekaa mapajani.

Zaituni akapiga simu. Sheikh anataka kuzika baada ya adhuhuri, watu wameshaanza kuchimba. Mama akasema, "Mwambieni nakuja. Tupo Msamvu. Msimguse." Zaituni akarudi kuwauliza, akapiga tena. Wamekubali kusubiri hadi alasiri. Lakini juu kuna mawingu, na wazee hawataki kaburi lijae maji.

Nikaingia mgahawani nikawaambia. Mjomba alikuwa anamung'unya mfupa. "Alasiri? Tutafika tulale kwanza," akasema.

Kiroka, halafu kilima

Bigwa tukapita, Kiroka tukapita. Nitakuwa mkweli, mpaka hapo hata mimi nilianza kuamini kwamba fundi alikuwa anatafuta riziki. Lori lilikuwa linagonga, ngo, ngo, lakini lilikuwa linakwenda. Tukaiacha barabara kubwa, tukaanza kupanda kuelekea Kinole. Mvua ya jana ilikuwa imechimba njia, mawe yametoka meno. Kushoto bonde, kulia migomba na mifenesi ya watu. Mama alikuwa ameanza kutaja majina ya wenye mashamba, kama anavyofanya kila tukifika pale. Hapo kwa fulani, hapo kwa marehemu fulani.

Kwenye kona moja ya mwinuko lori likaingia shimoni na gurudumu la kushoto. Nilisikia mlio mmoja, paa! Nikadhani tairi. Mbele ikalala upande wa Mama, beseni likampiga kidevuni, na lori likasimama lenyewe kama limeng'ang'aniwa na kitu. Jumanne alishuka, akachungulia, akabaki amechutama.

Jani kubwa la springi lilikuwa limekatika. Pale pale. Kwenye mkunjo, pale fundi alipokuwa anagonga na spana. Ekseli imerudi nyuma, tairi limejibana kwenye madigadi, haligeuki wala halisogei.  Jumanne akatoa simu akampigia Fundi Mihayo, na mimi nilikuwa karibu, nikasikia jibu.

"Jani nimeshalitoa stoo. Nakuja."

Alikuwa amelitoa tangu tulipoondoka. Alijua tutapiga.

Na mnadhani watu walisema nini? Walisema mdomo wa Mnyamwezi. Mjomba ndiye alianza. "Ametutamkia. Mtu anakaa mbele ya gari, anatamka, unategemea nini?" Majirani wakaitikia. Hapo ndipo hadithi ya kulogwa ilipozaliwa, kwenye ile kona, kabla vumbi halijatua, na aliyeizaa ni Mjomba. Mkiisikia tena mjue imetoka wapi.

Tulijaribu kutafuta gari. Mwenye gari ndogo wa Kiroka akasema kwenye simu njia ile baada ya mvua hapandi hata kwa dawa. Pikipiki zilikuja mbili, Mama akajaribu, tukamwinua, akapiga yowe tukamrudisha chini. Mjomba akapanda moja. "Dada, usiwe na wasiwasi. Natangulia kuwazuia. Hawamziki mpaka ufike." Mama akamshika mkono. "Salehe, wazuie kweli." Akasema, "Si mama yangu pia?"

Na wanaume wote wakamfuata kwa miguu, magunia ya mchele vichwani, wanawake nyuma yao. Waluguru wamebeba mizigo vichwani wanapanda kilima, na hapakuwa na Mnyamwezi wa kuwacheka. Jambo hili nililifikiria baadaye, tena kwa uchungu. Wangebaki wanne tu, wakakata miti, wangembeba Mama kwa machela kama wagonjwa wa kule wanavyoteremshwa. Hakuna aliyewaza. Sote tulikuwa tunasubiri Mjomba atuzuilie kaburi.

Tukabaki mimi, Mama na Jumanne. Mwanamke mmoja akateremka kutoka nyumba ya juu ya barabara, hatumjui hatujui, ameshika sufuria ya magimbi ya moto na birika la chai ya mdalasini. "Kuleni," akasema. "Magari hulala hapa. Mimi huwapikia tu, sina la kufanya." Jumanne alikula akiwa amegeuka pembeni. Mama hakugusa.

Fundi alifika kwa pikipiki ya kukodi, jani la springi limefungwa ubavuni kwa mipira, pini na bushi mpya mfukoni. Nilijiandaa kumsikia anatucheka, maana haki hiyo alikuwa nayo, tena tele. Hakucheka. Alisema "Poleni," akavua saa, akaingia kazini.

Wakaweka mawe nyuma ya magurudumu na gogo chini ya chesisi. Wakafungua yu-bolti zinazoshika springi, wakagonga pini ya zamani mpaka ikatoka, na ile pini, jamani, ilikuwa imelika katikati mpaka imekuwa nyembamba kama kidole cha mtoto. Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu yao. Akamwambia fundi, bila ugomvi, "Baba, kwa nini hukusema kwa ukali?"

Fundi aliacha kugonga. "Nilisema, mama. Ningesemaje? Ningekunja uso, wangecheka zaidi. Ningepiga kelele, wangesema huyu mtani hodari. Ningelala chini ya gurudumu, wangeniongezea noti." Akafuta jasho. "Nilianza mimi kukaa mbele ya gari. Baada ya pale sikuwa na sauti nyingine mnayoweza kuisikia."

Mama akatikisa kichwa polepole. 

Simu ikalia. Zaituni alikuwa analia mpaka maneno yanagongana. "Dada, wameniambia niingie. Nimeshaanza kumwosha. Salehe ndiye kasema."

"Salehe kasema nini?"

Mtandao ukakatika. Tukapiga, hapatikani. Juu ya mlima ilianza kunguruma, na kwa mbali sana, sijui ni msikiti gani, tukasikia adhana ya alasiri.

Fundi alikuwa anatafuta chombo. Bolti na nati zilikuwa zimeganda matope na kutu, lazima zioshwe kwa dizeli kabla ya kufungwa. Alikuwa anataka kutumia mfuko wa nailoni. Mama akatoa sabuni ndani ya beseni, akatoa marashi, akaviweka kwenye majani. Akalinyoosha beseni.

"Chukua hili."

"Hapana mama, jipya hilo."

"Chukua, baba. Osha."

Fundi alinitazama mimi, mimi nikatazama chini. Akalipokea kwa mikono miwili. Akamimina dizeli, akatia bolti, na ndani ya beseni la Bibi yangu dizeli ikageuka nyeusi. Mama aliangalia mpaka mwisho. Hapo ndipo alipolia. Mnaosema Mama ana moyo mgumu, ati hakulia msibani, mjue alishalia, alilia pale barabarani, kwenye jiwe, mbele ya mtu wa Sikonge.

Kinole

Tulifika magharibi inakaribia. Fundi alipanda na sisi, kichwa nje ya dirisha, anasikiliza kingpini. Lori lilipanda bila kugonga.

Uwanjani watu walikuwa wameketi kwenye mikeka, na tulipoona wanaume wana udongo miguuni hatukuhitaji kuuliza. Zaituni alikuja akamwangukia Mama miguuni. "Nisamehe dada." Mama akamwinua. "Alikuwaje?" "Alikuwa mwepesi," Zaituni akasema. "Mwepesi kama kitenge."

Mjomba alikuja na kanzu ina udongo hadi magotini. Yeye aliingia kaburini, alimpokea mama yake kwa mikono yake, alimlaza. Yeye alifika.

"Salehe," Mama akasema, "ulisema utawazuia."

"Dada, mawingu yalifunga. Wazee wakaniuliza, gari inafika leo au haifiki? Ningewadanganya? Nikawaambia ukweli." Na akasema hivi, nayasikia mpaka leo: "Nikawaambia fundi mwenyewe alisema hamfiki."

Mama alimtazama. Nilidhani atampiga kofi, na ningemshikia. Badala yake aliingia ndani kwa wanawake, akaketi kwenye kitanda cha Bibi kilichovuliwa godoro. Mvua, kama mnataka kujua, haikunyesha siku ile.

Habari zikaenea kwamba fundi ni Mnyamwezi. "Mtani kaja!" Wanawake wakageuka kwenye mikeka wakisubiri aanze. Fundi alikuwa amejikunyata ukutani na sahani ya wali. Mmoja akamchokoza, "Wewe, mbona umenuna? Tufungie njia basi, tukutoe."

"Leo sina, mama," akasema. "Niacheni nile, nirudi."

Mimi nimekwenda misiba mingi. Sijawahi kuona mtani anasema hana.

Kurudi

Baada ya hitima tuliteremka. Mjomba alichagua kukaa nyuma, ati kuna upepo mzuri. Dakawa tulisimama, safari hii bila mtu wa kukohoa. Fundi Mihayo akafungua magurudumu yote mawili ya mbele, akatoa kingpini kwa nyundo kubwa, akatia mpya na bushi zake, akapiga grisi mpaka ikachungulia. Siku ilikwisha tukiwa pale, na hakuna aliyesema tumechelewa.

Mama alikuwa amemletea mkungu wa ndizi, kama alivyoahidi. Fundi aliupokea akashukuru. Hakusema kitu kuhusu Waluguru na ndizi, na Mama hakusema kitu kuhusu michembe. Mjomba alijaribu. "Mtani, safari hii umeturuhusu?" Fundi akamjibu, "Kaza mkanda mzee, safari njema." Kama unavyomjibu abiria usiyemjua.

Kisha akatuletea beseni, alilokuwa amerudi nalo kutoka kilimani. Alikuwa amelisugua kwa sabuni ya unga na mchanga, likarudi kijani, lakini lilinuka dizeli kutoka mbali. Na kwa kuwa ni desturi ya mafundi kukuonyesha kile walichokitoa, usije ukasema umeibiwa, vyuma vyote vya zamani alikuwa ameviweka kwenye gunia: jani lililokatika, pini zilizolika, bushi zilizobaki maganda. Akamkabidhi Jumanne.

"Nipe mimi," Mama akasema. "Hizo ndogo. Weka humu."

Alilipakata beseni lile kutoka Dakawa hadi Turiani, limejaa chuma chakavu, zito, nikamwambia nimshikie akakataa. Usukani ulikuwa umetulia kabisa. Jumanne aliushika kwa mkono mmoja, halafu nadhani aliona aibu, akaurudisha wa pili.

Tulipofika Mama hakuingia kwetu. Alivuka njia akichechemea, akaenda hadi mlangoni kwa Mjomba, na Mjomba alikuwa anahangaika na funguo. Akaliweka beseni kizingitini, katikati.

"Salehe," akasema. "Beseni hili nililinunua nimwoshe mama. Kilichooshwa humu ni vyuma. Wewe ulimzika, basi na hivi vizike."

Mjomba alifungua mdomo. Hakukohoa. Mama alikuwa ameshageuka.

Basi ndiyo hayo. Lori linakwenda vizuri, halitetemeki, asanteni kwa kuuliza. Beseni bado liko pale, na mvua zilizonyesha tangu hapo zimezitia kutu zile pini. Hajazizika, hajazitupa, na mkewe hathubutu kulisogeza. Asubuhi nikifagia namwona Mjomba anatoka. Anashika fremu ya mlango, anainua mguu mmoja, anavuka, anainua wa pili, na macho yake hayaji upande wetu.